Jambo Jema la Saveta

Jumanne, 1 Aprili

Nilidhani Mhandisi anatutania, maana leo ni Siku ya Wajinga. Hakuwa anatania.

Mhandisi Octavian aliletwa mwezi uliopita kuwa mkuu wetu hapa ofisi ya maji, akaja na desturi yake: mwisho wa mwezi tunakaa mezani sote watano, kwa chai na biskuti, na kila mmoja anaeleza jambo jema lililomfika mwezi ule. Anasema huko Craiova, mji alikotoka, wanafanya hivyo na watu wanaelewana. Jana ilikuwa mara yetu ya kwanza. Zamfira wa dirisha la malipo alizungumza mpaka chai ikapoa, kuanzia mjukuu wake hadi mapazia mapya. Mzee Pamfil wa pampu alisema lile jino lililokuwa likimtesa limeng'oka lenyewe ndani ya tufaha, kisha akalitoa mfukoni tulione. Saveta akasema, "Sina." Mimi nikasema, "Nami vivyo hivyo."

Leo kaja na jipya. "Naona ni vigumu mtu kujisemea," akatuambia. "Mwezi huu kila mtu atasema jambo jema la mwenzake. Kwa hiyo itabidi muulizane." Akaandika majina yetu pamoja na lake, akayatia katika kofia yake ya sufu, kofia ikazunguka.

Nikafungua karatasi yangu. Saveta.

Nikaomba nibadilishiwe. Mhandisi akatabasamu. "Hapana, Mama Filofteia. Kura ni kura." Wenzangu huniita Teia tu; yeye hutaja jina zima.

Pamfil alichungulia begani pangu, akapiga mluzi. Lakini hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumweleza yule kijana kwamba mimi na Saveta meza zetu zinatazamana, na kwamba hatujasemeshana kwa miaka kumi na moja.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Sikumwuliza.

Ijumaa, 4 Aprili

Si kwamba hatuelewani kikazi. Nikitaka muhuri nauliza jiko la kuni, "Muhuri uko wapi?" na baada ya kitambo muhuri unasukumwa hadi ukingoni mwa meza. Yeye akitaka faili analiambia dirisha. Mhandisi anatuona wanawake watulivu.

Leo nilimtumia Pamfil, aliyeingia kukausha soksi.

"Pamfil, mwulize huyo jambo lake jema ni lipi."

Pamfil akageuza shingo tu. "Saveta, unaulizwa jambo lako jema."

"Mwambie mwezi ndio kwanza umeanza."

"Anasema mwezi ndio kwanza—"

"Nimesikia," nikasema.

"Basi kama umesikia, mimi wa nini hapa? Mimi ni waya wa simu?" Akachukua soksi zake zingali mbichi, akaondoka akinung'unika.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu Jumamosi bila kupumua. Mto Danube umekuwa rangi ya kahawa yenye maziwa, na unabeba matawi. Nyumbani sikusema lolote juu ya mto. Gavril, mume wangu, hauulizii kamwe. Alikuwa amefunga pazia la dirisha la upande ule, akipaka gundi soli ya kiatu cha jirani.

Jumatano, 9 Aprili

Anghel mfuga nyuki alikuja kulipa bili. Zamfira akamwonyesha kwamba aliilipa wiki jana. Akasimama akizungusha kofia mikononi, akasema basi alipe ya mwezi ujao. Zamfira akamwambia ya mwezi ujao haijazaliwa. Akashukuru, akaenda zake, mlangoni akajigonga bega.

"Nyuki wamemuuma kichwani yule," akasema Zamfira.

Saveta alikuwa ameinama akichonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka kama sindano.

Jumapili, 13 Aprili. Jumapili ya Matawi

Kanisani nilimwona Saveta kwa mbele, kitambaa cheusi, gauni jeusi, kama kawaida, amemshika mkono mama mkwe wake, Bibi Ruxandra, naye kavaa vilevile. Padre alipogawa matawi ya mierebi, mkono wangu na wa Saveta uliingia kapuni kwa wakati mmoja. Tukaitoa yote miwili upesi kama tumeungua.

Acha niandike, maana sijawahi kumweleza mtu kwa mpangilio.

Tulikuwa marafiki. Tuliolewa vuli moja, tukatia kabichi siki katika pipa moja, waume zetu wakafanya kazi pamoja kwenye pampu. Kisha Machi ile, miaka kumi na moja iliyopita, barafu na magogo yakaziba wavu wa chuma pale maji ya mto yanapoingilia. Gavril na Traian wa Saveta wakaenda na mashua kuuzibua kwa ndoana ndefu. Mashua ikapinduka. Gavril alinasa kwenye mwerebi, akavutwa ukingoni. Traian alipatikana siku kadhaa baadaye, mbali kule chini.

Kaburini, watu wote wakisikia, Saveta alimgeukia Gavril aliyekuwa na bandeji hadi viwikoni. Akamwuliza, "Kwa nini umerudi wewe?"

Gavril aliinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu na kuiona ya haki. Hakurudi tena kazini. Mpaka leo anashona viatu nyumbani, na njia ya mtoni haikanyagi. Mimi nikangoja Saveta aje alifute lile neno. Nilingoja wiki, nikangoja Pasaka, nikangoja mwaka. Hakuja. Basi nikajua ana jiwe pale wenzake walipo na moyo.

Na sasa Mhandisi ananiambia nikaulize jiwe jambo lake jema.

Jumanne, 15 Aprili

Juma Kuu, na mvua haina habari. Mto umefika ngazi ya tatu pale kwenye nyumba ya pampu.

Mhandisi aliniuliza nimefika wapi na Mama Saveta. Nikamwambia naendelea.

Pamfil naye akanivuta korido. "Mimi ndiye niliyekupata wewe kwenye kofia. Nipe moja haraka, na usinipe la kuliza watu."

Nikafikiri. "Jumapili nilioka pai ya yale majani yanayowasha, ya kando ya reli. Ilitoka vizuri."

"Pai? Mwezi mzima?"

"Ilikuwa nzuri sana."

Akaenda zake akitikisa kichwa kwa kunihurumia.

Alhamisi, 17 Aprili. Alhamisi Kuu

Nimelowa hadi mfupani lakini nataka kuandika kabla sijalala.

Asubuhi bomba za mji mzima zilikohoa, zikakauka. Na leo ndiyo siku ambayo kila jiko linachemsha mayai mekundu na kukanda mkate wa Pasaka. Zamfira alikuwa na simu kwenye kila sikio. "Mama mmoja ana unga hadi viwikoni," akatupigia kelele, "anauliza aulambe?"

Mti mzima wa mpoplari, na mizizi yake, ulikuwa umelalia wavu wa chuma. Mhandisi akamwacha Zamfira kwenye simu, sisi wengine akatupakia garini. Mimi na Saveta tungeshika kamba ukingoni. Mhandisi na Pamfil wangeingia na mashua na msumeno. Zimamoto walikuwa wamesema wanaokoa vijiji vilivyozama, watafika alasiri wakijaliwa.

Mashua ilikuwa imefungwa kwenye nguzo, inarukaruka kama mbuzi aliyemwona mchinjaji. Pamfil alikuwa ameshavaa koti lake la kuokolea. Mhandisi alikuwa mweupe kama karatasi, anahangaika na vifungo vya koti la kuokolea. Simu yake inalia. Meya. Anaikata, inalia tena.

Ndipo Saveta akatupita. Alishuka zile ngazi za mawe taratibu, mkoba mkononi, kama mtu anayeshuka sokoni, akaingia katika mashua, akaketi ubao wa katikati, mkoba akaupakata.

"Mama Saveta, tafadhali toka humo," akasema Mhandisi.

"Sitoki."

"Mji mzima hauna maji!"

"Watakunywa mvinyo. Ni sikukuu."

"Mama, nakuamuru kama mkuu wako."

"Niandikie barua. Nifukuze baada ya Pasaka."

Mhandisi akanigeukia mimi, maji yanamchuruzika puani. "Mama Filofteia, zungumza naye, nakuomba. Nyinyi mnakaa chumba kimoja. Nyinyi ni marafiki."

Pamfil akashikwa na kikohozi.

Nikashuka. Nikisema nilijua ninachokwenda kufanya nitakuwa naongopa. Nadhani nilitaka kumwambia atoke, na nimwambie kwa hasira, na liwe ndilo neno langu la kwanza kwake. Lakini nilipofika ngazi ya mwisho niliona mikono yake. Alikuwa ameziacha kamba za mkoba, ameshika kingo za mashua huku na huku, na vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Mwanamke huyu tangu Machi ile hajawahi kukaribia maji. Na sasa amekaa juu yake.

Nikaingia. Mashua ikayumba, Saveta akanikamata mkono wa koti, nikaketi kwa kishindo kando yake.

"Sasa tuko wawili," nikampigia kelele Mhandisi. "Na sisi si wepesi!"

Pamfil alivua koti lake la kuokolea pole pole, akalitundika kwenye nguzo, akawasha sigara ndani ya kiganja. "Mhandisi, mimi na kiuno changu siwawezi hawa. Wewe jaribu kuwabeba."

Kijana wa watu alisimama pale kwa muda. Simu ikalia tena. Safari hii aliipokea, na tukamsikia vizuri kabisa: "Hapana, Bwana Meya. Hapana. Mtu haingii majini. Nimesema." Kisha akapanda juu kwenye nyumba ya pampu kuwasumbua zimamoto.

Tukabaki wawili, kamba inakaza na kulegea. Tulitazama mbele, kama abiria.

"Sogea," akasema Saveta. "Umelikalia koti langu."

Nikasogea.

Mvua ikapiga kwenye vitambaa vyetu vya kichwa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Nilimwambia nini Gavril siku ile, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nami nakumbuka. Teia, nilitaka kuja kwenu kesho yake. Sikuweza kuinuka. Nikasema nitakuja siku ya arobaini. Siku ya arobaini nikaogopa watu. Ukichelewa siku moja unaomba radhi. Ukichelewa mwaka, unaona haya hata kupita mtaa ule. Baadaye nikaanza kukuchukia wewe, maana wewe ndiye niliyekuwa nakuona kila asubuhi, na kila asubuhi unanikumbusha."

Miaka yote nilidhani ana jiwe. Kumbe ni mwiba alioumeza, hauendi chini wala haurudi juu.

"Gavril hakukulaumu," nikamwambia. "Yeye alidhani umesema kweli."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Gogo likapita karibu yetu, likagonga nguzo, mashua ikaruka, tukashikana. Hatukuachiana.

"Alisema nini?" akauliza. "Traian. Sijathubutu kumwuliza mtu. Alisema kitu?"

Nilijua. Gavril aliniambia mara moja tu, mwaka ule ule, na sikuwahi kulitamka.

"Alisema, 'Saveta ataniua, nimevaa viatu vipya.'"

Kisha ikamtoka sauti, nikadhani analia, nikamshika bega. Alikuwa anacheka. "Nilimkataza! Nilimwambia asubuhi ile ile, hivyo ni vya Pasaka, mjinga wewe, usivivae kazini! Akasema atatembea kwa uangalifu!" Akacheka mpaka kicheko kikageuka, na hapo ndipo alipolia, nami nikalia, na mashua ikatikisika, na Pamfil akapaza sauti kutoka ukingoni: "Jamani, msizame mkiwa mmefungwa kambani, tutachekwa wilaya nzima!"

Zimamoto walifika alasiri na gari lenye winchi. Mti ulitoka ukipiga makelele kama ng'ombe. Maji yalirudi mjini machweo, yana kutu, na mayai yangu mwaka huu yametoka rangi ya matofali.

Ijumaa, 18 Aprili

Homa. Gavril kaniletea chai kitandani, nikamsimulia yote kuanzia ngazi za mawe. Alikwenda nje kutazama kuku, akakaa huko muda mrefu sana. Tuna kuku wanne.

Jumatatu, 21 Aprili. Siku ya pili ya Pasaka

Leo Saveta kaja.

Nilimwona dirishani, amesimama nje ya lango na kikapu, anainua mkono kubisha, anaushusha. Nikataka kukimbia kumfungulia, lakini Gavril alikuwa uani, naye amemwona. Wakatazamana juu ya lango.

"Kristo amefufuka, Gavril."

"Amefufuka kweli."

Saveta akampa yai moja, mwenyewe akachukua jingine, wakayagonganisha pale pale langoni, kama desturi ya Pasaka. La Saveta likavunjika.

"Samahani," akasema Gavril.

"La. Mimi ndiye wa kusema hivyo. Gavril, mimi ndiye."

Gavril akatikisa kichwa. Halafu akafungua lango. Hakufungua ule ubao mmoja tunaopitia kila siku. Aliondoa komeo la juu na la chini, akafungua mbao zote mbili hadi mwisho, kama anayefungulia mkokoteni wa nyasi.

Saveta alikula sahani mbili za mwanakondoo. Hatukuzungumza mambo makubwa. Alipokuwa anaondoka, Gavril akaitazama miguu yake, akasema kisigino kimoja kimelika, alete kiatu Jumatano.

Alhamisi, 24 Aprili

Tunazungumza kazini. Zamfira ameingia mara tatu kutafuta pini.

Ijumaa, 25 Aprili

Vichaka vyote vya maua ya zambarau mbele ya ofisi vimechanua kwa usiku mmoja, harufu inaingia mpaka kwenye mafaili. Saveta alifunga dirisha, kisha akafunga mlango.

"Hujaniuliza," akasema.

"Nini?"

"Kazi ya Mhandisi. Niulize vizuri, kwa mdomo wako."

Nikaweka kalamu. "Dada Saveta, jambo lako jema la mwezi huu ni lipi?"

Akakaa, akasimama, akakaa tena. "Anghel alinishika mkono."

Nikafikiri nimesikia vibaya.

"Ibada ya Ufufuko, tulipokuwa tunatoka na mishumaa. Wangu ulizimwa na upepo. Akauwasha kwa wake, akanishika mkono ili usizimike tena. Kisha hakuuachia, mpaka langoni." Mama wa watu, miaka hamsini na minane, amewiva hadi masikioni. "Ni hilo tu. Ni dogo."

"Si dogo."

"Amekuwa akija kulipa bili tangu vuli."

"Nami nilidhani anaogopa kukatiwa maji!"

Tukacheka na mikono midomoni kama wasichana wa shule. Kisha uso wake ukabadilika.

"Utalisema Jumatano? Mbele ya Zamfira? Jioni mji mzima utalijua."

"Wewe unataka nini?"

"Sijui, Teia. Kuna saa natamani nilipigie kengele ya kanisa. Kuna saa natamani nilizike. Naishi na mama yake Traian. Ananiita binti yangu. Kila Jumamosi tunakwenda kaburini pamoja, tunapalilia pamoja. Nitamwambiaje mimi? Kwamba nimechoka kuvaa nyeusi na yeye bado?"

Nikafungua dirisha, tukaendelea na mita za mtaa wa kiwandani.

Jumanne, 29 Aprili

Zamfira: "Teia, shoga yangu, la Saveta umeshalipata? Mimi sitamwambia mtu."

Mhandisi: "Mama Filofteia, lako ndilo ninalolingojea zaidi ya yote." Na amelisema kwa moyo mweupe. Ndilo linalonisumbua. Ningeweza kubuni kitu, mkate uliochachuka vizuri, ndoto njema. Lakini nikifikiria kuweka uongo mahali pa lile la kweli, naona kama namvua Saveta kitu.

Jumatano, 30 Aprili

Chai, biskuti, na kwa heshima ya siku Mhandisi kanunua keki.

Zamfira akaanza na Pamfil: mbuzi wake kazaa mapacha siku ya Mtakatifu George. Pamfil akatuonyesha picha, akasema wanafanana na meya.

Mhandisi akasema la Zamfira. Siku maji yalipokatika alipokea simu asubuhi hadi jioni, akatukanwa na mji mzima, na yule mama wa unga viwikoni alipiga tena baadaye kumshukuru kwa kumchekesha. "Zamfira aliniambia hilo ndilo lililomfurahisha mwezi huu," akamaliza Mhandisi. Zamfira akainamia kikombe chake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza kitu. Nikamtazama upya. Labda watu wanaosema sana ni kwa sababu hawaulizwi.

Saveta alikuwa na Mhandisi. Akasimama, akanyoosha sketi. "Ameniruhusu niseme. Jambo lake jema ni kwamba mimi na huyu tulimkatalia. Hajui kuogelea."

Mhandisi akawa mwekundu, akaitika kwa kichwa. "Nilikuwa naona haya kusema," akasema. "Meya ananipigia, nyinyi mnanitazama. Ningeingia."

"Mjinga wewe," akasema Pamfil kwa upole mkubwa, akamkatia kipande kinene cha keki.

Kisha Pamfil kwangu. "La Teia ni pai. Msiniulize. Lakini mimi mwenyewe nilimwona anaingia mashuani, na nadhani hilo liliishinda pai, ila ana kiburi, hawezi kusema."

Halafu ikawa zamu yangu. Saveta alikuwa ameshika biskuti, haili, anaizungusha tu.

"Sina la kusema," nikatamka. "Nilimwuliza. Hakuniambia."

"Hakukuambia!" Zamfira karuka. "Wiki nzima mlango umefungwa!"

"Tulikuwa tunalinganisha mita."

"Na mashuani je?" akauliza Pamfil. "Tangu asubuhi hadi alasiri, wanawake wawili, hamkusema kitu?"

"Tulizungumza habari za viatu."

Wakacheka wote. Mhandisi alicheka pia, lakini niliona amevunjika moyo. Akaniambia kama mwalimu mwema, "Haya, Mama Filofteia, Mei utajaribu tena." Na mimi niliyemaliza shule wa kwanza darasani nikapokea sifuri yangu, nikakaa. Saveta alinyoosha mkono, akaweka ile biskuti kwenye kisahani changu.

Alhamisi, 1 Mei

Jua, hatimaye. Tulikwenda na jamaa zetu kwenye uwanda wa nyasi nyuma ya shamba la mizabibu, kuchoma mici, zile soseji fupi zisizo na ngozi ambazo bila hizo Mei haijaingia. Gavril alikuja, akabeba mkaa. Saveta alivaa nyeusi, ila kitambaa cha kichwa kilikuwa cha buluu. Alishika koleo la nyama na akawa mkuu wa jiko. Baadaye Anghel akatokea, hakualikwa na mtu, akasema anapita tu. Njia haipo pale. Akaanza kupepea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Bibi Ruxandra tulimweka kwenye kiti kivulini. Akaniita kwa kidole.

"Wewe ndiye uliyesema hukuambiwa?"

Zamfira huyo kamfikishia. "Ndiye mimi, bibi."

"Na kweli hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

Akanitazama kwa yale macho yake yenye ukungu. "Binti yangu, mimi macho yameniishia, lakini ulimi ungali mzima. Tangu Januari chai ya nyumbani kwangu ina asali. Na sisi hatufugi hata nzi."

Nikakosa pa kutazama.

"Traian alikuwa mwanangu," akasema. "Kumlilia ni kazi yangu, naiweza peke yangu, sihitaji msaidizi. Huyu ana miaka yake bado. Nimengoja aniambie mwenyewe, kwa sababu jambo kama hilo mtu huletewa, haendi mwenyewe kulichukua. Nimengoja majira mazima. Sasa chupa inakaribia kwisha. Mwite."

Nikaenda motoni.

"Saveta, Bibi anakuita."

Akageuka na koleo mkononi, akamtazama mama mkwe wake, akamtazama Anghel, akanitazama mimi. Rangi ilimtoka yote. "Amejua? Amekasirika?"

"Nenda," nikamwambia. "Nenda, dada yangu."

Akaliachia koleo nyasini, akajifuta mikono kwenye sketi mara mbili. Alivuka nyasi kwa hatua za mtu anayepita juu ya ubao mwembamba, na alipofika akapiga magoti kando ya kile kiti, na Bibi Ruxandra akainama, akaanza kumfungua kile kitambaa cha buluu amfunge upya, vizuri zaidi. Anghel alisimama, pepeo mkononi, hapepei tena. Nami nikaokota koleo nikazigeuza zile nyama zisiungue.